Redio ya kuzungusha kwa mkono: inunue upate habari za kimbunga, usiinunue kwa ajili ya kuchaji simu

Kama unaishi mahali vinapopita vimbunga na nyumbani hakuna redio isiyotegemea umeme wa ukutani, nunua moja ya hizi. Kama tayari unayo redio ndogo ya betri inayokamata vizuri masafa ya kati, yaani AM, hela yako ipeleke kwenye betri za akiba na pawabenki kubwa. Huo ndio msimamo wangu baada ya kukaa na redio hii msimu mzima wa dhoruba, ukiwemo usiku wa kimbunga chenyewe. Nimeona niandike kwa urefu kwa sababu maneno ya kwenye boksi lake yanasifia mambo ambayo redio hii haiyawezi, na jambo inaloliweza kweli halikutajwa kabisa.

Jina la kampuni naliacha. Redio za aina hii hutoka viwandani zikiwa na umbo karibu moja, kisha kila muuzaji anabandika jina lake, kwa hiyo ninayoyasema hapa utayakuta kwenye nyingi. Yangu ni ya plastiki ya rangi ya chungwa, inashikika kwa mkono mmoja. Juu kuna kipande cha sola, mbele tochi yenye taa tatu za LED, ubavuni kitufe chekundu cha king'ora, na nyuma mpini unaokunjuliwa ili kuzungusha dainamo. Ndani kuna betri ya lithiamu ya mAh 2,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Chini ya mfuniko kuna nafasi ya betri tatu za kawaida, zile nyembamba za AAA. Lipo tundu la kuichajia kwa waya wa USB na lingine la kutolea umeme kwenda kwenye simu. Inakamata AM na FM, na ina bendi ya tatu iliyoandikwa WB, ambayo nitaifikia.

Kuna watakaouliza redio ya nini siku hizi, wakati simu iko mfukoni na habari zote zimo humo. Jibu ni kwamba simu inaishi kwa mnara, na mnara unaishi kwa umeme, kwa jenereta yenye mafuta, na kwa nyaya ambazo upepo na maji havizionei huruma. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ya kisiwa kizima ilinyamaza. Miongoni mwa vituo vichache vilivyobaki hewani ni WAPA Radio, ya masafa ya kati, na watu walikuwa wakiitumia kuwatangazia jamaa zao kwamba wako hai. Miaka 12 kabla yake, kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans, Marekani, kituo cha WWL cha AM kiliendelea kutangaza, na waliokwama majumbani walikuwa wanakisikiliza hicho. Beira, Msumbiji, nayo, usiku wa tarehe 14 Machi 2019, kimbunga Idai kiliukata mji mzima na dunia: simu hakuna, umeme hakuna, barabara hakuna.

Angalia kwamba vituo hivyo viwili nilivyovitaja ni vya AM. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari mnyoofu na hayaendi mbali zaidi ya upeo wa macho wa mnara wake, kwa hiyo kituo cha FM unachokisikia kwa kawaida kiko karibu nawe, na kimbunga kinachokupiga wewe kinakipiga na chenyewe. Mawimbi ya AM hutambaa na uso wa ardhi mchana, na usiku hugonga tabaka la juu la anga yakarudi chini mamia ya kilomita kutoka yalikotokea. Usiku wa dhoruba unaweza kukamata kituo kilicho mbali na upepo wote huo, chenye umeme wake na watangazaji waliokaa kwenye viti vyao, kikisoma taarifa ya mamlaka ya hali ya hewa kuhusu pale ulipo. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kununua redio. Na hapa yangu imenifurahisha: AM yake ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa kitu kidogo hivi.

Ila lazima ujue kuitumia, na karatasi ya maelekezo haisemi neno. Ile antena ndefu ya kuvuta haihusiki kabisa na AM. Ni ya FM. Antena ya AM ni kijiti cha feraiti kilicholala ndani ya redio, kimezungushiwa waya mwembamba, na kinasikia vizuri zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kwa hiyo sauti ikififia usihangaike kuvuta na kukunja antena; igeuze redio yenyewe taratibu, kama robo ya duara, uone itakavyobadilika. Yangu nikiiweka mgongo ukielekea dirishani sauti inakuwa nyembamba yenye mikwaruzo. Nikiigeuza ubavu, mtangazaji anasikika wazi kabisa. Jambo la pili: zima tochi. Redio hii ikiwa imewashwa tochi, AM yake inapiga mluzi mwembamba unaofunika vituo vya mbali. Hata balbu fulani za LED na chaja za simu zikiwa karibu hufanya hivyo hivyo. Umeme wote ukikatika ndipo AM inapokuwa safi kuliko wakati wowote, isipokuwa radi zinapopiga, maana kila radi utaisikia kama karatasi inachanwa ndani ya spika.

Sasa mpini, ambao ndio picha kubwa kwenye boksi: mkono unazungusha, simu inajaa, familia inacheka. Tupige hesabu. Betri ya simu ya kawaida ya mAh 4,000 inabeba umeme wa karibu wati-saa 15. Mkono wa mtu mzima kwenye mpini mdogo hivi, akizungusha mizunguko miwili kwa sekunde bila kusimama, hutoa kama wati mbili, na sehemu yake inapotelea njiani kama joto. Kuijaza simu kutoka sifuri ungezungusha zaidi ya saa saba mfululizo. Hakuna mkono wa hivyo. Lakini redio yenyewe ikiwa kwa sauti ya chini inakula umeme mdogo sana, sehemu ya wati tu, kwa hiyo dakika moja ya kuzungusha inakupa dakika kadhaa za kusikiliza, na hiyo inatosha taarifa ya saa kuanza hadi kuisha. Kwa redio, mpini ni wa kweli. Kwa simu, ni wa kupata chaji ya kutuma ujumbe mmoja mfupi wa maandishi, basi. Na uwe huo ujumbe wa maandishi, usipige: mtandao ukiwa umelemewa, SMS hupenya mahali ambapo simu ya sauti inagoma.

Usizungushe huku unasikiliza AM. Dainamo inapiga kelele ndani ya masafa hayo. Zungusha, pumzika, ndipo usikilize.

Sola ya juu nayo ipewe heshima inayoistahili, ambayo ni ndogo. Kipande chenyewe kinazidi kidogo tu kiberiti kwa ukubwa. Kwenye jua kali la siku nzima kinaweza kurudisha kama robo ya betri ya ndani, na siku ya kimbunga hakuna jua. Kazi yake inaanza baadaye, siku zile za umeme kukosekana wakati anga imeshatakata. Hata hapo usiiache juani mpaka plastiki ipate moto, kwa kuwa betri ya lithiamu ikichemka inaharibika.

Betri hiyo ndiyo lawama yangu kubwa kwa aina hii ya redio. Betri ya lithiamu ikiachwa tupu kabatini miezi na miezi, inakufa, na kwenye matoleo mengi imechomelewa ndani kwa risasi, huwezi kuibadilisha. Jirani yangu alinunua toleo lisilo na nafasi ya betri za kawaida. Limekaa msimu mzima bila kuguswa. Lilipotolewa likawa halishiki chaji, na mpini ukiachwa tu redio inazima pale pale, kwa sababu umeme wa dainamo unapitia kwenye betri ile ile iliyokufa. Kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya siku moja kikashindwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa mnunuzi yeyote ni hili: lazima iwe na nafasi ya betri za kawaida. Zitunze nje ya redio, kwenye pakiti yake, uifunge kwa utepe ubavuni, maana betri za alkalini zikisahaulika ndani huvuja na ule unga mweupe unakula vyuma. Na kila baada ya miezi mitatu hivi, ichaji ya ndani kwa waya mpaka ijae.

Bendi ya WB. Muuzaji ataisifu sana na huenda akaiongezea bei. Ni masafa saba ya matangazo ya hali ya hewa, kati ya 162.400 na 162.550 MHz, yanayorushwa Marekani na maeneo yake, na Kanada. Ukiwa huko ni kitu cha thamani kubwa, na ningekuambia utafute toleo linalolia lenyewe usiku tahadhari inapotolewa, kwa sababu vimbunga na dhoruba za ndani yake havichagui saa. Ukiwa penginepo utasikia mvumo mtupu, na tahadhari zako zitapitia vituo vya kawaida. Usilipie zaidi kwa kitufe ambacho hakitakusemesha.

Kuhusu maji, boksi limeandika kwamba haiogopi mvua. Tafuta herufi IPX na tarakimu inayofuata. Yangu ni IPX3, maana yake inavumilia manyunyu yanayotoka juu, si zaidi. IPX7 ndiyo inayoweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Kile kifuniko cha mpira kinachoziba matundu ya USB ni chepesi na hakikai vizuri. Nimeiweka ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, na nimegundua sauti inatoka vizuri tu mfuko ukiwa umefungwa, kwa hiyo unaitoa pale tu unapotaka kuzungusha. Tochi ni ya kutosha kutafutia viatu na dawa gizani, si ya kutembelea nje. Hata hivyo ni bora mara elfu kuliko mshumaa, kwani nyumba iliyofungwa madirisha, upepo unapenya, watu wamejazana chumba kimoja, ni nyumba inayosubiri moto. King'ora kinapasua masikio ukiwa ndani, ila kimbunga kikivuma hakuna atakayekisikia. Faida yake ni baada ya upepo, mtu akiwa amekwama. Filimbi inafanya kazi hiyo hiyo bila betri. Na kitufe chake kimekaa vibaya: kinabonyea kirahisi redio ikiwa ndani ya begi, na betri inaisha kwa kupiga kelele bure.

Nimesema redio ni ya kusikia, basi niseme cha kusikiliza, kwa kuwa nimekaa na watu wazima wenye akili zao wakasubiri jambo moja tu kwenye taarifa: kimbunga ni daraja la ngapi. Daraja lile la 1 mpaka 5, kwenye kipimo cha Saffir-Simpson, linapima kasi ya upepo peke yake. La 1 linaanza kilomita 119 kwa saa, la 5 linaanza 252. Halisemi lolote juu ya mvua, wala juu ya bahari itakayosukumwa nchi kavu. Na maji ndiyo yanayoua watu wengi zaidi. Katrina ilipoingia Louisiana mwaka 2005 ilikuwa imeshashuka hadi daraja la 3, lakini maji ya bahari iliyoyasukuma kwenye pwani ya Mississippi yalipanda zaidi ya mita 8. Harvey ya mwaka 2017 ilikaa juu ya Texas ikamwaga zaidi ya milimita 1,500 za mvua pale ilipozidi, upepo wake ukiwa umeshapungua sana. Freddy ya mwaka 2023 ndiyo inayoniuma zaidi: ilipofika kusini mwa Malawi nguvu ya upepo ilikuwa imepungua, ila mvua yake iliangusha milima ya matope juu ya nyumba za Blantyre, na zaidi ya watu 1,000 nchini humo walikufa au hawakuonekana tena. Aliyekuwa anasubiri kusikia tarakimu ya upepo angelala usingizi.

Sikiliza hivi, tena uandike kwenye karatasi: kitovu kinatarajiwa kuingia wapi na saa ngapi, saa hiyo bahari itakuwa imejaa au imetoka, maji yanatarajiwa kupanda kiasi gani, mvua kiasi gani, na eneo lako limetajwa kwenye amri ya kuhama au la. Jiulize pia uko upande gani wa njia ya kimbunga. Kaskazini mwa ikweta vimbunga huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo upande wa kulia wa njia yake ndio mkali, kasi ya kuzunguka inapojumlika na kasi ya kusafiri. Kusini mwa ikweta vinazunguka kufuata saa, na upande mkali ni wa kushoto. Mississippi ilikuwa upande wa kulia wa Katrina.

Usiku ule wa kwetu, redio ilitufaa zaidi wakati ambapo hakuna aliyefikiri inahitajika. Upepo ulikuwa umepiga kwa saa nyingi kutoka upande mmoja, kisha ukaisha. Haukupungua taratibu, ulikoma. Mabati yakatulia, masikio yakawa kama yameziba, na nje mtu akaita jina la mwenzake kwa sauti ya kawaida na tukamsikia. Mama mkwe akainuka, akajitanda, akasema anakwenda kutazama kama mlango wa nyuma umeshika. Watoto wakawa wameshasogeza meza iliyozuia mlango. Redio ilikuwa chini ya kiti, kwenye mfuko wake, kwa sauti ndogo, na mtangazaji alikuwa anarudia maneno yale yale: kitovu kinapita, upepo utarudi, msitoke. Nikaongeza sauti. "Mama, kaa kwanza. Wanasema hili ni jicho, kimbunga hakijaisha." Akaniuliza nina hakika gani. Nikamwambia sina, ila wao wanaona kutoka juu. Akakaa. Tuliitumia nafasi ile kuhamisha magodoro upande wa pili wa nyumba, kwa sababu upepo wa nyuma ya jicho unatoka upande wa kinyume na ule wa kwanza, na uliporudi ulirudi wote kwa mpigo. Mlango wa nyuma, uliokuwa salama nusu ya kwanza, ndio uliopokea kipigo nusu ya pili. Mama mkwe angekuwa amesimama hapo hapo.

Jicho la kimbunga, yaani kitovu chake kilichotulia, kwa kawaida lina upana wa kilomita 30 hadi 65, kwa hiyo utulivu huo unaweza kuwa wa dakika chache au wa saa nzima na zaidi, kutegemea linavyosafiri na kama limekupitia katikati au ukingoni. Huwezi kulipima kwa kuchungulia dirishani. Mwenye rada na satelaiti ndiye anayelipima, na njia pekee ya yeye kukufikia saa ile, mnara wa simu ukiwa umelala, ni redio.

Kwa bahati redio moja husikika na wengi. Bangladesh ilipoteza watu wasiopungua 300,000 kwa kimbunga cha Novemba 1970. Baada ya hapo ukajengwa mpango wa watu wa kujitolea wanaopokea tahadhari kwa redio kisha kuitangaza kijiji kwa kijiji, kwa vipaza sauti vya mkononi na kwa baiskeli, na yakajengwa majengo imara ya kukimbilia. Sidr, kimbunga kikali sana, kiliua huko huko zaidi ya watu 3,000 mwaka 2007. Ni wengi mno, lakini si 300,000. Kwa hiyo ukinunua redio, waambie majirani kwamba unayo. Mtu asiyesikia vizuri, mama mwenye watoto wachanga, kijana anayeishi peke yake, wajue mlango wa kugonga kabla upepo haujaanza, na ukisikia amri ya kuhama usiiache ndani ya kuta zako. Na wewe mwenyewe uhame. Redio ni ya kuiweka ndani ya begi unalokimbia nalo. Haikugeuzi nyumba ya ufukweni kuwa ngome.

Ndani ya begi hilo na pembeni yake kuna vitu ambavyo redio haiwezi kuvifidia. Maji ya kunywa na ya lazima, kama lita 4 kwa mtu kwa siku, ya siku tatu kwa uchache na wiki mbili ukiweza. Dawa za kila siku. Nakala za vyeti kwenye plastiki. Klorini ya kufulia isiyo na manukato, matone mawili kwa lita moja ya maji maangavu, usubiri nusu saa. Usipoteze muda kubandika utepe kwenye vioo. Hauzuii kioo kuvunjika, mbao ndizo zinazozuia. Na pawabenki: ya mAh 20,000 ina wati-saa zaidi ya 70, inajaza simu ya kawaida mara tatu au zaidi, kazi ambayo mpini wa redio hautaifanya hata mkiuzungusha kwa zamu nyumba nzima.

Kuna wanaosema redio ya gari inatosha. Inatosha kama gari limesimama mahali pa wazi. Usikae kwenye gereji au banda lililofungwa huku injini inanguruma ili betri isiishe, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akidhani anasinzia. Jenereta ni vivyo hivyo: nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Kila baada ya kimbunga kikubwa kuna watu wanaonusurika upepo na mafuriko kisha wanauawa na jenereta waliyoiweka kibarazani. Na usitumie gari kuvuka maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 zinamwangusha mtu mzima, 30 zinaelesha gari dogo, 60 zinabeba karibu gari lolote. Redio ya simu, kwa wenye nazo, ni msaada, lakini nyingi zinahitaji waya wa spika za masikioni ziwe antena, zinakamata FM tu, na zinakula betri ile ile unayoitunza.

Ukienda kuinunua, usikubali kufunguliwa boksi na kuonyeshwa tochi. Washa AM hapo hapo, igeuze huku na huku usikie kama inakamata chochote katikati ya taa na mashine za duka. Ikikamata hapo, gizani itakamata zaidi. Fungua nafasi ya betri za kawaida, weka betri zako, hakikisha inawaka. Kisha kunjua mpini uushike karibu na ungio lake. Kwenye yangu ungio hilo ni plastiki nyembamba yenye pini ndogo ya chuma, na ukizungusha redio ikiwa imening'inia mkononi unalisikia likilia. Iegemeze juu ya meza au kwenye paja, izungushe kwa mwendo ule ule bila kuivuta kwa ghafla. Dhamana ya hii yangu ni ya mwaka mmoja, nayo imeandika wazi kwamba mpini haumo, kwa hiyo soma karatasi yako kabla hujatoka dukani.